Usingizi baada ya damu kuvuja kwenye ubongo: kipi ujaribu kwanza, kipi uachane nacho

Miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka hospitali nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kila siku, macho kodo, kama mtu kaniita jina. Sikuelewa kwanini mpaka dada yangu aliyekuwa ananiuguza akaniambia, we si ndo ulikuwa unameza vile vidonge saa kumi? Kweli bwana. Mi damu ilivujia kwenye nafasi iliyoko kati ya ubongo na utando wake, kuna kamshipa kalikuwa kamevimba kama kiputo kakapasuka, na watu wa aina yetu tunapewa nimodipini kila baada ya masaa manne kwa siku 21 ili ubongo usije ukakosa damu mishipa ikijikaza. Saa mbili, saa sita, saa kumi, alafu tena saa mbili, saa sita, saa kumi, usiku na mchana. Ongeza nesi anayekuja kukumulika tochi machoni na kukuuliza leo siku gani. Wiki tatu za hivyo, unarudishwa nyumbani unaambiwa nenda kapumzike. Kwa usingizi upi sasa?

Tangu hapo nimepita karibu kila njia ambayo watu huwa wanashauriana, zingine nimejaribu mwenyewe, zingine nimeziona kwa wenzangu tunaokutana kliniki, zingine dokta alinikatalia kabla hata sijamaliza kuuliza. Hapa naziweka mbili mbili uone ipi inakufaa wewe. Dozi sitakupangia, hiyo ni kazi ya mtu aliyeiona skani yako, ila angalau ukiingia kwa dokta uwe unajua unachouliza.

Kabla hujachagua, jua kilichoharibika ni nini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda na kusema "sipati usingizi" basi. Hilo neno ni pana mno. Kuna anayepanda kitandani saa nne usiku na saa saba bado anaangalia dari. Kuna anayelala vizuri tu alafu usingizi unamkatika usiku wa manane haurudi. Kuna anayelala kupita kiasi, mchana na usiku, hata mkiongea naye anasinzia. Na kuna yule anayelala masaa nane kamili lakini anaamka hoi kama alikuwa analima, kichwa kizito, mdomo mkavu. Hao wanne hawatibiwi kwa kitu kimoja, na yule wa nne ukimpa kidonge cha usingizi unaweza ukamuumiza kabisa, ntafika huko.

Kwa hiyo wiki mbili shika daftari uandike: umepanda kitandani saa ngapi, unadhani ulisinzia saa ngapi, umeamka mara ngapi, umetoka kitandani saa ngapi, mchana umelala kiasi gani. Makadirio tu yanatosha, usikodolee saa usiku, maana hilo lenyewe linafukuza usingizi. Kama mkono wako wa kuandikia ndo ulioathirika mwambie mtu wa nyumbani akuandikie, au jirekodi kwenye simu asubuhi.

Na ukurasa wa nyuma andika dawa zako zote na saa unazomeza. Hii hatua watu wengi wanairuka na ndo rahisi kuliko zote. Deksamethasoni, ile ya kupunguza uvimbe, ukiimeza jioni utakesha, kwa hiyo kama hakuna sababu nyingine huwa inapangwa asubuhi. Dawa ya presha inayokojoza ukiimeza usiku utakuwa unapishana na choo mpaka kunakucha. Propranololi, dawa ya presha na mapigo ya moyo, na wenzake wa kundi lake wanapunguza melatonini ya mwili wenyewe, ile homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, na propranololi inajulikana kwa ndoto mbaya. Levetirasetamu ya kuzuia degedege inawalegeza watu mchana, na wengine inawapa hasira za karibu mpaka nyumba nzima inakuogopa. Saa zingine shida yote inaisha kwa kusogeza saa ya kumeza bila kuongeza hata kidonge kimoja. Ila usisogeze mwenyewe, muulize dokta au mfamasia, kwa sababu nimodipini kwa mfano haina cha "acha nilale kwanza", ile ratiba ndo tiba yenyewe, vumilia siku zako 21 ziishe.

Kulala mchana au kujikaza mpaka usiku

Wiki za mwanzo hapa sioni cha kulinganisha, we lala. Uchovu wa ubongo uliovujiwa damu haufanani na uchovu wa kazi, unaweza kukaa miezi, na kwa wengine miaka. Mi nilikuwa naoga tu alafu nalala masaa mawili kwa uchovu wa kuoga. Kuna wiki moja nilisikiliza ushauri wa mtu kwamba nijikaze mchana kutwa ili usiku nilale kama gogo, kilichotokea ni kwamba ikifika jioni maneno yananipotea, naongea kama nimelewa, nalia bila sababu, na usiku ndo silali kabisa kwa sababu nimechoka kupita kiasi. Nikaacha.

Mambo yanabadilika baadaye, kwangu ilikuwa kama mwezi wa tatu hivi, pale usingizi wa mchana ulipoanza kuiba wa usiku. Hapo kinachofaa ni kulala kidogo kwa saa maalumu: dakika 20 mpaka 30, kabla ya saa tisa alasiri, na alarmu umeweka. Na ulale kabla hujachoka, usisubiri mpaka uanguke. Ukinilazimisha nichague kati ya hizo mbili nachukua kalala kafupi ka mchana kuliko kujikaza, isipokuwa kama wewe ni yule wa kundi la kwanza, anayeangalia dari mpaka saa saba, huyo akipunguza wa mchana usiku utamshukuru.

Lakini hapa lazima nisimame kidogo, hasa kwa wanaouguza. Kusinzia sana na fahamu kupungua kwa mbali vinafanana na ni vitu viwili tofauti kabisa. Baada ya damu kuvuja, maji ya ubongo yanaweza yakakosa njia yakajaa kichwani, siku chache baadaye au hata wiki na miezi imepita. Na wale ambao damu ilijikusanya chini ya fuvu nje ya ubongo, inaweza ikajikusanya tena. Mtu anayezidi kusinzia siku hadi siku, mgumu kumwamsha, akiamka haeleweki anasema nini, anatapika, kichwa kinazidi kuuma, kaanza kuyumba akitembea au kujikojolea, mkono au mguu umelegea ghafla, au kashikwa na degedege, huyo usimlinganishie njia za kulala, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Dada yangu alikuwa na kipimo chake, anasema aliyelala ukimwamsha anakukasirikia, aliyezidiwa hakukasirikii. Siyo kipimo cha kitaalamu hicho, ila nimewahi kumsimulia nesi akatingisha kichwa kukubali.

Kidonge cha usingizi au kukizoesha kitanda upya

Hapa ndo penye ugomvi mkubwa, na ndo nilipopoteza muda wangu mwingi.

Kidonge kina sifa moja ambayo hakuna kitu kingine kinayo, kinafanya kazi usiku huohuo. Usiku wa kwanza niliopewa zolpidemu nililala mpaka nikasahau kama mi ni mgonjwa. Usiku wa nne nikaamka kwenda chooni nikajikuta chini, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa bado hauna nguvu vizuri. Na asubuhi ni ukungu mtupu, ile kumbukumbu kidogo niliyokuwa nimebakiwa nayo nayo inapotea, nauliza swali moja mara tatu. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu ikifika asubuhi dawa bado iko nyingi kwenye damu, na mwaka 2019 wakaiwekea lile onyo lao kali kabisa kwa sababu ya watu kutembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Sasa mtu mwenye ubongo mzima anafanya hayo, sisi je?

Diazepamu na lorazepamu ni habari hiyohiyo na zaidi kidogo. Zinaondoa wasiwasi, ni kweli, ila mwili unazizoea haraka, na ukishakuwa umezitumia muda ukaziacha ghafla zinaweza kukuletea degedege, kitu ambacho mtu wetu ndo anakikimbia. Zinapunguza nguvu ya kupumua kwa anayekoroma vibaya. Na kuna hili ambalo watu hawaliwazi, mgonjwa akishalewa kidonge, ile dalili ya hatari niliyoisema juu, ya kusinzia kupita kawaida, utaijuaje? Utasema ni dawa.

Upande wa pili kuna tiba ya kubadili fikra na mazoea ya kulala. Jina linachosha na ukilisikia unadhani utaenda kuongeleshwa kuhusu utoto wako, kumbe ni mazoezi tu. Kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba hii ndo ianze, vidonge vifuate kama imeshindikana. Kawaida ni vikao 6 mpaka 8 na mwanasaikolojia au mtaalamu mwingine aliyefundishwa, na siku hizi kuna programu za simu zinazokuongoza hatua kwa hatua kama mtaalamu hapatikani.

Sehemu yake ya kwanza inatokana na kazi ya mwanasaikolojia Richard Bootzin ya mwaka 1972, na ukiisikia unaweza kucheka. Kitanda kiwe cha kulala, na mambo ya wanandoa, basi. Siyo cha kuangalia simu, siyo cha kula, siyo cha kuwaza. Nenda kitandani ukiwa umesinzia kweli. Ukiona kama robo saa au dakika 20 imepita uko macho, toka, kaa kwenye kiti mwanga hafifu fanya kitu kisicho na utamu, rudi ukisinzia tena. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala masaa mawili. Kwa sisi tuliougulia kitandani hii ina maana kubwa kuliko kwa watu wengine, kwa sababu kwa wiki na wiki kitanda kilikuwa ndo sebule, ndo meza ya chakula, ndo sehemu ya kuchomwa sindano na kupokea wageni. Mwili umeshajifunza kitanda ni mahali pa kuwa macho na wasiwasi. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa kiti tu, kiti kimoja chenye mikono pembeni ya kitanda, mchana nikichoka nakaa pale badala ya kujilaza. Na usiku saa kumi macho yakifunguka nahamia pale. Kama una udhaifu upande mmoja panga usiku wako mapema, taa ndogo, fimbo karibu, hakuna zulia la kujikwaa, maana kutoka kitandani gizani kwetu siyo jambo dogo.

Sehemu ya pili, aliyoileta mwanasaikolojia mwingine, Arthur Spielman, na wenzake 1987, ni ya kubana muda. Kama daftari lako linasema unakaa kitandani masaa tisa unalala masaa sita, basi unaruhusiwa kukaa kitandani masaa sita tu, mfano saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na ukianza kulala karibu muda wote huo unaongezewa robo saa au nusu saa kila wiki. Kwa kawaida hawashuki chini ya masaa matano. Inafanya kazi ila wiki mbili za mwanzo ni mateso, hali inakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri. Na hapa kwetu kuna mtego: kukosa usingizi kunachokoza degedege. Kama umewahi kupata degedege tangu damu ivuje, usijibane mwenyewe kwa sababu tu umesoma mahali. Kuna namna ya upole, unapunguza muda wa kitandani kidogokidogo, robo saa robo saa, na hiyo ndo ya kumwomba mtaalamu.

Sasa ukiviweka pembeni kwa pembeni. Wiki ya kwanza kidonge kinashinda, wala hakuna mashindano. Mwezi wa tatu imegeuka, wa kidonge anahitaji kidonge ili alale kama alivyokuwa analala bila kidonge mwanzo, na wa mazoezi analala mwenyewe na faida inabaki hata vikao vikiisha. Kidonge hakihitaji akili, na hili nalisema kwa heshima, kwa sababu mazoezi yanahitaji kukumbuka, kupanga, kujizuia, vitu ambavyo ubongo ulioumia ndo umevipoteza. Kikao cha dakika 50 mi nilikuwa siwezi, dakika ya 25 namwangalia mwanasaikolojia midomo inatembea sisikii kitu. Tukakata nusu, akawa ananiandikia kitu kimoja tu cha kufanya wiki hiyo, dada akiwepo. Bila hiyo ningeshindwa nikasema tiba haifai.

Kidonge bado nakiona kina nafasi yake, siku chache, kwa shida inayojulikana mwisho wake, chini ya daktari anayejua kama unakoroma au la. Na kuna njia ya katikati: kama una maumivu ya kichwa pia, amitriptilini, dawa ya huzuni ya zamani, kidogo usiku inaweza kubeba yote mawili, na kama umeshuka moyo (wengi wetu tunashuka, sio udhaifu wa imani wala nini) kuna dawa za huzuni kama mirtazapini zinazoleta usingizi. Amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo, inaweza kuleta kizunguzungu ukisimama, kwa hiyo nayo siyo maji.

Melatonini au vidonge vya mafua vinavyolewesha

Hivi navilinganisha kwa sababu vyote watu wananunua bila kuandikiwa na wanaamini ni vitu vyepesi.

Vidonge vya mafua na aleji, zile dawa za zamani kama difenhidramini na klorofeniramini, kweli vinasinzisha. Baada ya siku chache tu mwili umeshazoea, kusinzia kunapungua, lakini zile shida zingine zinabaki, kuchanganyikiwa, kusahau, mkojo kugoma, mdomo kukauka. Kwa mzee aliyetoka kuvuja damu kwenye ubongo nasema hapana moja kwa moja. Na angalia vile vya mafua vilivyochanganywa na dawa ya kuzibua pua, vinapandisha presha, na kama presha ndo iliyokupasulia mshipa unaelewa mwenyewe.

Melatonini ni mpole zaidi, ila watu wanaitumia kama nyundo wakati kazi yake ni ya saa. Inauambia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa hiyo inamfaa yule ambaye saa yake imehama, analala saa tisa usiku anaamka mchana, ambayo baada ya kukaa wodini taa zinawaka usiku kucha inatokea sana. Yule anayelala vizuri alafu anakatikiwa haimsaidii sana. Inamezwa mapema, saa moja au mawili kabla ya kulala, na kidogo kinatosha, kumeza nyingi hakukulazi zaidi. Shida mbili. Moja, pale inapouzwa kama kirutubisho haikaguliwi kama dawa, utafiti mmoja wa mwaka 2017 Kanada ulipima aina 31 ukakuta kiasi halisi kinaanzia asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa mpaka asilimia 478 zaidi. Mbili, inaweza kugongana na dawa zingine ikiwemo warfarini, ile ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo usimfiche dokta.

Mi niliitumia mwezi mmoja pamoja na kitu kingine ambacho ni bure, mwanga wa asubuhi. Nusu saa nje kila nikiamka, hata kama nimekaa tu kwenye kiti. Kama ningeruhusiwa kimoja ningebaki na jua.

Mashine ya kupumulia au kulala ubavu

Hii ni ya yule wa nne, anayeamka kachoka, na naomba uisome hata kama unadhani haikuhusu. Ukiwapima watu waliopata kiharusi (na damu kuvuja kwenye ubongo nayo ni kiharusi), zaidi ya nusu wanakutwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Koo linaziba, pumzi inasimama sekunde 10 au zaidi, ubongo unashtuka, unavuta pumzi, unalala, inaanza tena. Mara 5 kwa saa ni hali nyepesi, 15 ya kati, 30 kwenda juu ni kali. Wewe mwenyewe hujui kitu, anayejua ni unayelala naye. Na kila pumzi ikikatika presha inaruka, usiku kucha, mtu anashangaa mchana mbona dawa za presha hazishiki.

Kama unakoroma, au umeambiwa unakabwa usingizini, au unaamka na kichwa kinauma kila asubuhi, omba kipimo cha usingizi. Siku hizi unaweza kupewa kifaa ukalala nacho nyumbani.

Mashine ya CPAP inapuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, ilivumbuliwa na Colin Sullivan kule Sydney na ikatangazwa 1981, na kwa hali ya kati na kali hakuna kinachoifikia. Ubaya wake ni kuivumilia. Barakoa inabana, hewa inavuja machoni, na kuivaa kwa mkono mmoja ni kazi kwelikweli. Wengi wanaiacha wiki ya kwanza. Nilichoona kwa mwenzangu mmoja, alianza kuivaa mchana akiwa macho anasikiliza redio, dakika 10, dakika 20, ndo akaihamishia usiku. Kipimo wanachotumia wataalamu kusema mtu anaitumia vizuri ni masaa 4 kwa usiku, angalau siku 7 katika 10, siyo lazima iwe kamili toka siku ya kwanza. Ila kama umefanyiwa upasuaji wa kichwa, hasa sehemu za chini ya fuvu karibu na pua, muulize kwanza aliyekupasua kabla ya kusukuma hewa yoyote huko.

Kulala ubavu ni bure, na kwa watu wengi pumzi inakatika zaidi wakilala chali, kwa hiyo kwa hali nyepesi inaweza kutosha, pamoja na kuinua kichwa cha kitanda. Lakini kwetu ubavu una masharti. Upande uliotolewa mfupa wa fuvu haulaliwi. Bega la mkono uliopooza ukililalia vibaya litauma miezi, lipangie mto mbele uukumbatie, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe. Kwa hiyo hali nyepesi ubavu kwanza, hali kali usijidanganye na mito.

Kichwa kinachokuamsha

Kifupi. Aspirini na ibuprofeni na ndugu zake zinaongeza hatari ya kuvuja damu, usizimeze bila ruhusa ya dokta hata kama nyumbani zipo. Parasetamoli ndo ya kawaida, ndani ya dozi. Lakini nayo ukiitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu ikipita dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa, na zile zilizochanganywa na kodeini au kafeini ni siku 10 tu. Andika kwenye lile daftari. Kichwa cha ghafla kikali ambacho hujawahi kukiona, hicho usikimezee kitu, nenda hospitali.

Pombe siilinganishi na chochote. Inakulaza saa ya kwanza, inakuamsha nusu ya pili ya usiku, inapandisha presha na inalegeza koo. Mizizi na majani ya kulala vivyo hivyo sitaki kuvisema sana, "asili" haimaanishi haigusi damu, ginkgo kwa mfano, ile dawa ya majani ya mti, inahofiwa kuongeza kuvuja.

Kuogopa kulala

Hili hakuna aliyeniuliza kliniki, na nadhani ndo lilikuwa nusu ya shida yangu. Mshipa ulipasuka nikiwa macho lakini nilizinduka siku tano baadaye, kwa hiyo kichwa changu kikajiandikia kwamba kufumba macho ni kupotea. Kuna wenzangu walipasukiwa usingizini, hao ndo kabisa.

Nilijaribu njia mbili. Ya kwanza kuhakikishiwa, kila usiku najipima presha mara tatu, namuuliza dada unaniona niko sawa, naangalia uso kwenye kioo kuona kama umepinda. Inatuliza dakika tano alafu inataka tena. Ya pili ni kupewa jibu moja la kweli na kulishika: nilimuuliza dokta moja kwa moja, mshipa wangu umezibwa, hatari ya kupasuka tena ni kiasi gani kwangu mimi, na kulala kunaongeza? Akanionyesha picha ya pale palipozibwa. Presha nikapunguza nikapima mara moja jioni, nikaandika, nikafunga daftari. Kama ni ndoto zinazojirudia za hospitali, kuna zoezi la kuiandika ndoto mchana, kubadilisha mwisho wake vile unavyotaka, na kuirudia kichwani kila siku dakika chache, linafanya kazi kuliko nilivyotegemea, na kama hofu inakushika hata mchana mwambie mwanasaikolojia maana inaweza kuwa ni majeraha ya tukio lenyewe.

Dada naye alikuwa halali, jamani. Alihamia chumbani kwangu akawa anasikiliza ninavyopumua, nikigeuka anaamka. Baada ya mwezi, sote wawili tulikuwa tunasinzia mezani. Tukalinganisha: alale chumba kimoja na mimi usiku wote, au arudi chumbani kwake aniachie kengele na afungue milango. Wiki za mwanzo kabisa nilipokuwa nayumba ilikuwa lazima njia ya kwanza. Nilipoweza kwenda chooni mwenyewe na kushika kengele, tukahamia njia ya pili, na wifi akawa anachukua usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Kengele nimeigonga mara mbili tu mpaka leo, moja ilikuwa paka.